Kukusanya na Kukausha Mimea Penye Unyevu: Mwongozo kwa Watu wa Kisumu, Kakamega na Nakuru

Adui mkubwa wa mtu anayekusanya mimea katika magharibi ya Kenya ni unyevu. Kisumu iko kando ya ziwa, katika kimo cha mita zipatazo 1,130, na hewa yake ya usiku hubeba maji. Msitu wa Kakamega nao hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hata siku isiyo na mvua majani ya chini hayakauki mpaka jua lipande. Maelekezo mengi ya kukausha mimea yameandikwa kwa watu wenye vyumba vikavu vilivyopashwa moto, na mwanafunzi wa Maseno au Mumias anayeyafuata neno kwa neno hufungua karatasi zake baada ya wiki moja akakuta ukungu. Ndiyo maana napendekeza tujifunze kwa watu waliokausha mimea mahali penye unyevu kuliko kwetu, yaani ndani ya meli ya mbao, baharini, kwa muda wa karibu miaka mitatu.

Meli hiyo ni Endeavour, iliyoondoka Plymouth, Uingereza, Agosti 1768 chini ya uongozi wa James Cook, ikarejea Julai 1771. Ndani yake alikuwamo Joseph Banks, kijana tajiri wa miaka 25, pamoja na Daniel Solander, Mswidi aliyekuwa mwanafunzi wa mwanabotania Carl Linnaeus, na mchoraji Sydney Parkinson, ambaye alifariki safarini Januari 1771 na hakuiona tena nchi yake. Mkusanyiko wao ulifika sampuli zipatazo 30,000, zikiwamo aina zaidi ya 1,000 ambazo wanasayansi wa Ulaya hawakuwa wamezieleza. Sehemu kubwa ya mimea hiyo ingali inasomwa katika makumbusho ya London, baada ya zaidi ya miaka 250. Hawakuwa na mashine yoyote ambayo sisi hatuna. Walikuwa na desturi mbili walizozishika kwa ukali, nazo ni kubadilisha karatasi bila kuchoka, na kueleza kila mmea kwa maandishi ungali mbichi. Mwongozo huu unajengwa juu ya desturi hizo mbili.

Ruhusa kwanza

Endeavour ilipotia nanga Rio de Janeiro, Novemba 1768, mwakilishi wa mfalme wa Ureno aliwakatalia Banks na Solander kushuka. Banks akatafuta njia za pembeni: alichambua majani yaliyoletwa melini kulisha kondoo na mbuzi, kisha akajipenyeza nchi kavu kwa siri. Kazi yake naiheshimu, lakini katika jambo hili hafai kuigwa hata kidogo, kwa sababu mmea uliochukuliwa bila idhini haupokelewi na hifadhi yoyote ya mimea yenye heshima, yaani mahali panapotunzwa mimea iliyokaushwa kwa ajili ya utafiti, na jamii iliyodanganywa mara moja haimfungulii mlango mkusanyaji mwingine.

Katika shamba la mtu, omba ruhusa kwa mwenye shamba na umweleze unachukua nini na kitapelekwa wapi. Msitu wa Kakamega unasimamiwa na taasisi mbili: upande wa kaskazini, kuzunguka Buyangu, uko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na upande wa kusini, kuzunguka Isecheno, uko chini ya KFS, shirika la misitu, kila mmoja una ofisi yake, na kibali cha upande mmoja hakikufikishi upande wa pili. Hifadhi ya Ziwa Nakuru iko chini ya KWS. Utafiti rasmi unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, na anayetaka kuchunguza kemikali au vinasaba vya mmea hana budi kupitia NEMA, mamlaka ya mazingira, pia. Okidi zote, yuforbia nene zenye maji, na mti wa Prunus africana unaovunwa gome katika misitu yetu zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo visivushwe mpaka wa nchi bila kibali chake.

Hata ukiwa na kibali, usichukue mmea mmoja pale ambapo huoni angalau ishirini wa aina hiyo hiyo. Ikiwa ni michache, piga picha, andika maelezo, na uiache.

Vifaa

Kifaa kikuu ni kibanio: fremu mbili za fito za mbao, kila moja yenye sentimita 30 kwa 45, ambazo seremala yeyote wa jua kali atazitengeneza kwa muda mfupi. Fito ziachane ili hewa ipite. Ubao mzima usio na nafasi huzuia mvuke usitoke. Katikati ya fremu hupangwa tabaka za magazeti ya kushikilia mmea, karatasi nene za kunyonya maji, na kadibodi zenye mifereji zilizokatwa kutoka kwenye maboksi, mifereji ikielekea upande mmoja. Kitu kizima hufungwa kwa mikanda miwili au kwa blada zile zinazofungia mizigo kwenye baiskeli, ambazo nazipenda zaidi kwa sababu hujikaza zenyewe mimea inaposinyaa.

Usione haya kutumia karatasi zilizokwisha kuchapishwa. Banks alikaushia baadhi ya mimea yake ndani ya kurasa za kitabu ambazo hazikujalidiwa, na maandishi ya kurasa hizo hayakuidhuru mimea. Jambo la kuangalia ni kuwa karatasi isiwe ya kung'aa, kwa maana karatasi ya kung'aa hainyonyi maji.

Ongeza makasi ya kupogolea, jembe dogo la mkono, mifuko mikubwa ya plastiki yenye kufungika (ya shughuli hii tu, na uirudishe nyumbani yote), vibandiko vya karatasi vyenye uzi, daftari lenye jalada gumu, na penseli. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka mvua inaponyesha, penseli haiyeyuki.

Siku ya kukusanya

Toka umande ukishakauka, kama saa nne asubuhi, na uwe umemaliza kabla ya saa nane mchana, kwa kuwa mvua ya Kakamega na ya vilima vya Nandi hupenda kuja alasiri, ikiandamana na radi na mara nyingine mvua ya mawe. Usiende peke yako. Januari 1769, kusini kabisa mwa Amerika ya Kusini, kundi la Banks lilipanda mlima kutafuta mimea wakidhani wangerudi melini jioni. Theluji ikawakuta njiani, na watumishi wake wawili weusi, Thomas Richmond na George Dorlton, wakafa kwa baridi usiku ule. Majina yao hayatajwi mara nyingi panapohesabiwa mafanikio ya safari hiyo, nami naona ni haki yatajwe kila inaposimuliwa. Anayepanda Mlima Elgon kutafuta mimea ya juu, ambako usiku huwa na baridi kali, achukue nguo za joto na chakula cha siku moja zaidi ya alizopanga.

Chagua mmea wenye afya, wenye maua au matunda, na ikiwezekana vyote viwili. Tawi la majani matupu lina thamani ndogo sana, kwa sababu wataalamu huitambua mimea mingi kwa viungo vya ua. Mmea mdogo ung'olewe na mizizi yake, na udongo ukung'utwe na kuoshwa. Kwa mti, kata tawi la urefu wa sentimita 30 hadi 40 linaloonyesha jinsi majani yanavyopangana. Kumbuka kuwa baadhi ya miti, mvule ukiwa mmojawapo, ina maua ya kiume kwenye mti mmoja na ya kike kwenye mwingine, kwa hiyo tafuta yote mawili na uyape namba tofauti. Kwa kila mmea chukua nakala tatu hadi tano kutoka kwenye mti uleule, kwa sababu nakala moja itabaki kwako na nyingine zitakwenda kwenye hifadhi.

Anayeanza asikimbilie msituni. Ajizoeze kwa bogenvilia, ua linalotanda kwenye nyua za Milimani, Kisumu, na kwenye malango mengi ya Nakuru. Vile vinavyoonekana kama petali za zambarau au nyekundu ni majani membamba yanayozunguka maua madogo meupe, nayo hukauka upesi bila kupoteza rangi sana, jambo linalompa mwanafunzi moyo. Ua hili lina asili ya Amerika ya Kusini, na lilikusanywa Rio de Janeiro mwaka 1767 katika safari ya Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, ambaye jina lake limelibeba hadi leo. Mwanabotania wa safari hiyo, Philibert Commerson, alikuwa mgonjwa wa mguu, na aliyembebea vifaa na kumsaidia kukusanya alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyejificha katika mavazi ya kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kwenye meli za jeshi la Ufaransa. Baret ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Kazi hii inahitaji watu wawili, mmoja wa kukata na mmoja wa kuandika, na wote wawili waandikwe kwenye lebo.

Kuandika kabla mmea haujanyauka

Banks ameeleza jinsi yeye na Solander walivyokuwa wakikaa kwenye meza kubwa ya chumba cha nyuma cha meli, mchoraji akiwa mkabala nao, wakiandika maelezo ya kila kitu kingali kibichi. Walipoondoka Botany Bay, Australia, Mei 1770, waliiweka mimea yao ibaki mibichi ndani ya masanduku ya bati yenye vitambaa vilivyoloweshwa, na katika siku 14 Parkinson akachora michoro 94. Hakuwa na nafasi ya kuimaliza yote. Alichora umbo, akatia rangi sehemu ndogo tu ya jani au ua, kisha akaandika maneno ya rangi zilizobaki. Kwa maneno hayo wachoraji wengine wa London waliweza kukamilisha michoro yake baada ya yeye kufa.

Ukiwa na simu ya kupiga picha unaweza kudhani hayo yamepitwa na wakati. Sivyo. Picha iliyopigwa chini ya kivuli cha msitu huonyesha kijani kisicho chake, na simu huibwa, huzama, hufutika. Piga picha, lakini pia andika: rangi ya ua ndani na nje, harufu, utomvu kama upo na rangi yake, urefu wa mmea, umbo la gome. Ua la siala, mti wa Markhamia lutea ambao Waluhya huuita lusiola, ni la manjano lenye mistari myekundu kooni. Likishakaa kwenye kibanio wiki mbili linakuwa la kahawia, na asiyeandika hana tena wa kumuuliza.

Kila mmea upewe namba, na namba isirudiwe maishani mwako. Anza na 1 na uendelee. Usianze upya kila mwaka wala kila msitu. Namba hiyo iandikwe kwenye kibandiko kilichofungwa kwenye mmea wenyewe na kwenye daftari, palepale ulipokata. Katika daftari, chini ya namba, andika tarehe, majina ya wakusanyaji, kaunti, mahali kwa namna ambayo mgeni angeweza kufika (kwa mfano, umbali na upande kutoka shule au daraja linalojulikana), vipimo vya GPS, kimo, aina ya mazingira, na majirani wa mmea huo. Hapa ndipo tunapopaswa kuwapita wale wa Endeavour, kwani baadhi ya sampuli zao zina jina la nchi na jina la safari tu, na mtafiti wa leo anayetaka kujua kama mmea ulikua ufukweni au bondeni inambidi atafute kwenye miswada mingine.

Jina la kienyeji liandikwe pamoja na lugha yake na matumizi uliyoambiwa, kwa adabu na kwa ridhaa ya aliyekuambia. Mzee akikuomba dawa fulani isiandikwe, usiiandike.

Kubana na kukausha

Mmea ubanwe siku hiyohiyo. Gugu maji la ziwani hunyauka petali zake ndani ya muda mfupi sana, kwa hiyo kibanio kiende nawe hadi ufukweni Dunga. Mengine yanaweza kungoja jioni ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, wenye kitambaa kilicholoweshwa kidogo, mahali penye kivuli.

Tandaza mmea ndani ya gazeti lililokunjwa, ukikunjua kila jani. Geuza angalau jani moja lionyeshe upande wa chini, kwa sababu vinyweleo na mishipa ya upande huo husaidia utambuzi. Fungua ua moja kwa wembe, likae wazi. Majani yaliyolaliana yatenganishwe kwa vipande vya karatasi, maana hapo ndipo ukungu huanzia. Mmea mrefu kuliko gazeti ukunjwe kwa pembe kali, bila kuuzungusha. Kisha panga: kadibodi, karatasi ya kunyonya, gazeti lenye mmea, karatasi ya kunyonya, kadibodi tena, funga na ukaze kwa nguvu zako zote.

Sasa inakuja kazi ambayo wengi huikwepa. Tarehe 3 Mei 1770, mkusanyiko ukiwa umekuwa mkubwa mno, Banks aliona mimea yake iko hatarini kuoza. Aliacha kila shughuli, akashusha ufukweni karatasi zake zote, mafungu yapatayo 200 ambayo mengi yalikuwa na mimea, akayatandaza juu ya tanga la meli kwenye jua, akawa anayageuza kutwa nzima. Jioni yalirudi melini yakiwa katika hali njema. Fikiria kwamba alikuwa amefika pwani ambayo hakuna mwanabotania wa Ulaya aliyewahi kuikanyaga, kila kichaka kikimwita, naye akatoa siku nzima kwa ajili ya karatasi. Huo ndio uamuzi ninaotaka kila mkusanyaji auige: mimea uliyokwisha kuipata ina haki juu yako kuliko ile ambayo hujaikata.

Kwa hiyo badilisha karatasi za kunyonya kila siku kwa siku nne za kwanza, asubuhi na jioni kama ni msimu wa mvua, na baadaye kila siku mbili. Gazeti lenye mmea halibadilishwi baada ya siku ya kwanza, ili maua yasichanike. Karatasi ulizotoa zitandazwe juani juu ya mabati au turubai, zikauke kabisa kabla hazijarudi kazini. Nyasi na mimea myembamba huwa tayari baada ya wiki moja hivi, na yenye majani manene hata wiki mbili. Nakuru, iliyo juu zaidi na yenye hewa kavu, hasa mwezi wa Januari, itakusamehe ukiruka siku, Kisumu haitakusamehe.

Jua likikosekana kwa siku nyingi, simamisha kibanio wima, mifereji ya kadibodi ikielekea juu na chini, juu ya sanduku lenye balbu ya kutoa joto, ili hewa ya moto ipande kupitia mifereji. Joto lisizidi nyuzi 50 hivi, vinginevyo mimea inaungua na kukatika. Usitumie jiko la makaa ndani ya nyumba, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya hewa yake yenye sumu. Ukiwa mbali na makao, mvua haikomi, iko njia moja ya kuokoa kazi: funga magazeti yenye mimea kwa pamoja, yaloweshe kwa spiriti, uyafunge ndani ya plastiki nzito isiyopitisha hewa, na uyakaushe ukirudi. Rangi zitapotea, lakini mimea itasalimika.

Ili kujua kama mmea umekauka, uguse kwa shavu. Ukihisi ubaridi, bado una maji.

Mimea inayosumbua

Mafunjo ya ziwani hufika mita nne au zaidi. Chukua kichwa chote, kipande cha katikati ya shina na kipande cha chini chenye mzizi, vyote vikiwa na namba moja, na uandike urefu kamili. Mimea laini inayoelea huchukuliwa kwa kuingiza karatasi chini yake ndani ya beseni la maji na kuiinua taratibu. Kikonyo cha gugu maji kilichovimba kikatwe katikati kwa urefu.

Yuforbia kubwa za Nakuru na mimea mingine yenye maji mengi huendelea kuishi ndani ya kibanio na kudondosha viungo vyake. Chovya majani na shina, bila maua, katika maji yanayochemka kwa dakika moja, au upasue shina na kukwangua nyama ya ndani. Vaa glavu na ukinge macho, kwa sababu utomvu mweupe wa yuforbia unaweza kuyajeruhi vibaya.

Tunda la mvungunya, mti ambao Wajaluo huuita yago, haliwezi kubanwa. Kata kipande chembamba cha kukausha, na tunda zima likauke pembeni ndani ya boksi lenye namba ileile.

Kubandika, kutunza na kutuma

Mmea mkavu hubandikwa kwenye karatasi nyeupe, ngumu, ya sentimita 29 kwa 42, kwa gundi nyeupe kidogo na mishono michache ya uzi kwenye shina. Gazeti lisiwe makao ya kudumu, kwa maana huwa la manjano na kumomonyoka. Lebo hukaa pembe ya chini upande wa kulia, na bahasha ndogo ya karatasi hubandikwa kwa ajili ya mbegu na petali zilizodondoka. Kabla ya kuweka kabatini, funga sampuli ndani ya plastiki na uzigandishe kwenye friza kwa wiki mbili ili wadudu na mayai yao wafe, kisha uziache zirudi kwenye joto la chumba kabla ya kuifungua plastiki, la sivyo zitalowa kwa mvuke.

Kabati lisikae sakafuni wala karibu na ukuta unaovuja. Endeavour ilipopandishwa ufukweni kutengenezwa, Juni 1770, baada ya kugonga mwamba, maji yaliyokuwa ndani yalikusanyika nyuma ya meli, kwenye ghala la mikate ambamo Banks aliweka mimea yake kwa usalama. Aliikuta ndani ya maji. Alishinda akiihamishia kwenye karatasi kavu; mingi ikapona, na mingine ikaharibika kabisa. Anayeishi Nyando au Budalang'i, ambako mafuriko si habari ngeni, aweke rafu ya chini juu ya usawa wa meza.

Nakala zako zipelekwe kwenye hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyo katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, Nairobi, au kwanza kwenye idara ya botania ya chuo kikuu kilicho karibu, kama vile Maseno, Masinde Muliro au Egerton. Wasiliana nao kabla ya kutuma. Funga nakala ambazo hazijabandikwa, kila moja ndani ya gazeti lake, kati ya kadibodi mbili ngumu, pamoja na lebo zilizochapwa na orodha ya namba zako. Wataalamu hubaki na sampuli na kukurejeshea majina kwa kufuata namba hizo. Jina likifika, liandike kwenye kipande kipya cha karatasi pamoja na jina la aliyetambua na mwaka, ukibandike kwenye karatasi ya mmea, upande wa juu wa lebo ya kwanza, bila kuifuta wala kuifunika.